Gari Lililonyimwa Usingizi

Mume wangu ana sikio moja. Yote mawili yapo kichwani, msinielewe vibaya, lakini la kushoto lilikufa zamani, siku aliyokuwa ameinama mbele ya honi ya lori na mwenzake aliyekaa ndani akaona ndiyo nafasi nzuri ya kuijaribu. Tangu siku hiyo akilala hulalia ubavu wa kulia, sikio zima likizama kwenye mto, na hapo hata ukibomoa ukuta hasikii. Husema kwamba hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata katika miaka thelathini na minne ya umeme wa magari. Mimi humkumbusha kwamba faida nyingine ni mimi, kwa sababu tulijuana alipoleta suruali yenye mfuko uliotobolewa na bisibisi, nami nikaushona bure, na mpaka leo naendelea kushona bure.

Mtaani na kazini anaitwa Mita. Jina lilitokana na kile kipimo chake cha umeme, cha rangi ya njano, anachokiweka kwenye mfuko wa shati na waya zake mbili zikining'inia nje, nyekundu na nyeusi. Mifuko ya mashati yake yote nimeibandua na kuishona upya kwa turubai. Hajawahi kunishukuru kwa hilo, ila shati ambalo bado sijalishona mfuko halivai, nami nimeridhika na shukrani ya namna hiyo. Nyumbani kwetu amepima kila kitu: betri za redio, pasi, cherehani yangu. Siku moja nilimkuta jikoni anapima limau. Nilimuuliza limesemaje, akajibu kwa uso mkavu kwamba bado lina chaji.

Gereji aliyofanyia kazi ujana wake wote ilipofungwa, alichukuliwa na kituo kimoja cha wauguzi. Si hospitali. Ni ofisi ya vyumba vinne yenye ua na geti la bati, na wauguzi wake huwafuata wagonjwa majumbani kuwafunga vidonda, kuwachoma sindano, kuwageuza walioshindwa kujigeuza. Kituo kina magari matatu. Mawili ni makuukuu, hayo Mita anayajua kama anavyonijua mimi. La tatu ni jipya, jeupe, limeletwa mwaka huu, na hadithi hii ni yake.

Kabla sijalifikia gari, niseme jambo moja la nyumbani. Mwaka juzi Mita aliugua mapafu akalazwa siku kumi na moja. Alirudi mwembamba, na daktari akamwamuru alale kidogo mchana siku ambazo haendi kazini. Analala. Tatizo ni mimi. Akishafunga mlango wa chumbani, nashona mstari mmoja, nashona wa pili, halafu moyo unaniambia kamtazame. Naingia kwa vidole, namwangalia kama kifua kinapanda na kushuka, na kwa kuwa hanisikii namgusa mguu.

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala," husema.

Narudi kwenye cherehani roho imetulia, kwa dakika kumi hivi.

Sasa gari. Hilo jeupe linawaka kwa kitufe, na ufunguo wake hauna meno, ni kidude tu cha plastiki unachokaa nacho mfukoni. Nyuma ya dashibodi lina kisanduku chenye laini yake ya simu, kama ulivyo na laini yako. Likigongwa, lenyewe linapiga simu kuomba msaada. Muuguzi akipata shida huko alikokwenda peke yake, anabonyeza kitufe chekundu juu ya kioo na Sista Mkuu, ambaye ndiye mkuu wa kituo, anajua aliko. Kwa hiyo kisanduku si cha urembo. Tena gari hilo linazungumza na simu tatu: ya Sista Mkuu, ya dereva na ya Mita. Ukifungua programu yake unaona picha ya gari, kama milango imefungwa, na betri ina asilimia ngapi. Juu pembeni kuna kimshale kilichojikunja. Ukikibonyeza panaandikwa "Linatafutwa, subiri," kisha zinakuja habari mpya mpya za dakika hiyo.

Kimshale hicho nilikipenda. Sioni haya kusema.

Mambo yaliharibika Jumatatu moja. Gari lilikuwa limeegeshwa uani tangu Ijumaa alasiri, na asubuhi dereva alipobonyeza kitufe halikuwaka. Lilitoa mlio hafifu likanyamaza. Mgonjwa mmoja wa kidonda alingoja mpaka adhuhuri kubadilishiwa bandeji. Mita aliipima betri, akaona ni nzima, ina miezi mitano tu, imeishiwa chaji basi. Akaichaji, gari likafanya kazi wiki nzima bila kulalamika. Jumatatu iliyofuata likazima tena vilevile.

Sista Mkuu akamwita ofisini. Si mama mkali, ila ana namna ya kusema maneno mazito kwa sauti ya kumpa mtu dawa.

"Fundi, sikulaumu," alimwambia. "Lakini wagonjwa wangu hawawezi kungoja. Jumatatu ijayo lisipowaka, nalipeleka kwenye gereji kubwa ya mjini. Na wale hawachukui gari moja. Yatakwenda yote matatu, na wewe utapumzika."

Mita akaomba basi gari lichajiwe kila wikendi. Sista akasema gari si mgonjwa wa kutundikiwa dripu kila Jumamosi, na isitoshe soketi iko ndani ya ofisi inayofungwa. Akaomba aruhusiwe kuchomoa fyuzi ya kisanduku kila Ijumaa. Hapo Sista alikataa kabisa, maana siku mtu atasahau kuirudisha, muuguzi ataondoka na kitufe chekundu kisichofanya kazi.

Alirudi nyumbani akatoa kipimo mfukoni akakilaza mezani, jambo ambalo halifanyi kabla ya kula.

"Nimeambiwa nitapumzika," akasema.

Mwezi wa nane Mita anatimiza miaka sitini. Siku zote amesema kwamba siku hiyo atakwenda kazini amevaa shati jipya, atapeana mikono na kila mtu, ataaga mwenyewe. Kuaga ndiko alikokutaka. Sasa unga ulikuwa unataka kumwagika miezi mitano kabla, na yeye aondoke kama mzee aliyeshindwa na magari ya kisasa. Aliumia sana. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, nikamkasirikia Sista, nikalikasirikia gari, nikaikasirikia hata betri, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Sasa sikilizeni tulichokuwa tunafanya, na mwenye akili atajua mara moja, ila sisi hatukujua. Tangu gari lilipoletwa Mita alikuwa na hofu nalo, na baada ya ile Jumatatu ya kwanza hofu ikazidi. Wikendi hushinda nyuma ya nyumba akitengeneza redio za majirani, mikono imejaa mafuta na risasi ya kulehemu, na simu yake huiacha kwenye meza yangu ya cherehani. Basi kila baada ya muda nasikia, "Mama watoto, niangalizie gari!"

Naweka uzi chini, nabonyeza kimshale, nangoja. "Limefungwa. Betri sabini na tisa!"

"Haya!"

Nusu saa haijapita, tena. Baadaye nikawa simngoji aulize. Nikimaliza upindo, nabonyeza. Nikibadilisha uzi, nabonyeza. Nilitaka nikiulizwa niwe na jibu mkononi, asihangaike. Ile sabini na tisa ikawa sitini na nane, ikawa hamsini na tano, na kadiri ilivyoshuka ndivyo tulivyozidi kulitazama.

Jumamosi kabla ya Jumatatu ya hukumu, Mita aliondoka saa mbili asubuhi kwenda kituoni kuutafuta ugonjwa wa gari. Simu akaniachia. Alisema akiwa nayo atakuwa anaichungulia badala ya kufanya kazi.

"Wewe niangalizie huku," akaniambia mlangoni. "Ikishuka sana, mpigie mlinzi."

Yaliyotokea uani amenisimulia mara nyingi mno hata naona kama nilikuwepo. Alifungua boneti akaunganisha kipimo chake kwenye waya wa betri. Kisha akachukua bisibisi akavisukuma vitasa vya mlango na vya boneti vikajifunga hewani, ili gari lidhani limefungwa wakati liko wazi. Ufunguo akaupeleka ofisini, ambako mlinzi alimfungulia kwa ruhusa ya Sista ya siku hiyo tu, na kuutia kwenye kopo la biskuti la bati, kwa sababu ukiwa karibu gari linajua mwenyewe yupo na halitulii. Halafu akageuza ndoo, akaketi hatua kumi na tano mbali, akasubiri. Kwa mtu aliyepima limau, kukaa mbele ya gari bila kuligusa ni adhabu.

Namna alivyonieleza, gari kama hilo halilali mara moja likizimwa. Kwanza linabaki macho dakika kadhaa, linapanga mambo yake, linatuma habari zake za mwisho. Kisha vifaa vinasinzia kimoja kimoja mpaka kibaki kile kisanduku, na chenyewe kinalala nusu. Kinafumba macho, kila baada ya muda mfupi kinafungua sikio, kinasikiliza kama kuna anayekiita, kisha kinalala tena. Siku zikipita bila kuitwa, kinaongeza muda kati ya kusikiliza na kusikiliza. Zikipita nyingi zaidi kinaliziba sikio kabisa, kinaamka mtu akija na ufunguo tu. Ndivyo kinavyoitunza betri. Mimi nilipoelezwa hivyo nilisema, hicho kisanduku kinalala kama nilivyolala nilipokuwa na mtoto mchanga.

Kipimo kilisoma ampea saba, kikashuka mpaka tatu, kikashuka mpaka moja, na baada ya kama nusu saa kikasoma karibu na sifuri kabisa, umeme kidogo usioweza kuwasha hata balbu ya tochi. Mita alifurahi pale kwenye ndoo yake. Gari lilikuwa limelala, na kwa chaji hiyo lingeweza kulala wiki tatu.

Mara namba zikaruka mpaka sita.

Hakuna aliyeligusa. Mlinzi alikuwa getini anamenya chungwa. Ufunguo ulikuwa ndani ya kopo. Gari likakaa macho karibu robo saa nzima, linakula betri, ndipo likarudi kusinzia. Mita akachukua boksi tupu la glovu, akalirarua, akaandika saa. Halikupita muda, namba zikaruka tena. Akaandika. Mpaka adhuhuri alikuwa ameandika mara saba, na muda kati ya mruko na mruko haukuwa na utaratibu wowote.

Alirudi kula akiwa amenyong'onyea.

"Kisanduku ni kibovu," aliniambia, akaweka kile kipande cha boksi kando ya sahani. "Kinaamka ovyo. Na mimi kisanduku siwezi kukifungua, kinafunguliwa hukohuko gereji kubwa. Nikila nampigia Sista nimwambie alipeleke tu."

Nilikuwa nampakulia. Macho yangu yakaenda kwenye boksi. Saa nne na dakika tano. Hapo taarifa ya habari ya redio ilikuwa imemalizika na mimi, nikiinuka kuipunguza sauti, nilibonyeza. Saa nne na nusu. Upindo wa aproni ya kwanza. Saa tano kasoro kumi. Hapo jirani alikuja kuchukua pazia lake, nami kwa majivuno nikamwonyesha jinsi gari la kazini kwa mume wangu linavyoonekana kwenye simu, nikambonyezea aone picha. Nilizisoma zote saba. Upawa ukabaki hewani.

Nilinyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza. Nilimwangalia anavyotafuna, yeye na sikio lake moja, mtu aliyekaa juu ya ndoo asubuhi nzima, nikafikiri: nikimwambia, atajua kwamba aliyekuwa anamtoa kazini ni mke wake. Nisipomwambia, atapumzishwa. Akamaliza, akanawa, akanyoosha mkono kuchukua simu.

"Usimpigie," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kisanduku ni kizima. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Hizo saa ulizoandika ni zangu. Kila ulipoona limeamka, ni mimi nilibonyeza kimshale."

Akanitazama kama ninamsemesha kwenye lile sikio bovu. Akachukua boksi, akanipa. "Saa tano na robo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikatikiwa na uzi. Nikabonyeza, nikatunga sindano."

"Na saa sita kasoro tano?"

"Hapo hakuna sababu. Nilibonyeza tu."

Mita akakaa. Nilidhani atafoka, na angefoka ningemruhusu. Badala yake alitoa kipimo mfukoni, akakitazama, akakirudisha.

"Namba zilizo kwenye picha ile ni za zamani," akasema polepole, anajisemea mwenyewe. "Ukitaka mpya, lazima gari liulizwe. Na likiulizwa lazima liamke. Linaamka lote, linahesabu betri yake, linajibu, halafu linakaa macho labda utasema kitu kingine. Mama watoto, tulikuwa tunaimaliza betri kwa kuiuliza imebaki kiasi gani."

"Mimi ndiye niliyekuwa naimaliza."

"Nani alikuwa anakutuma?"

Alivaa viatu akarudi uani mbiombio, mtu mwenye mapafu yale. Alipolilaza tena gari na namba zikashuka, akanipigia kwa simu ya mlinzi kwenye kisimu changu kidogo cha vitufe.

"Bonyeza."

"Nimebonyeza."

Nasikia mlinzi anauliza kitu kwa mbali. Kisha sauti ya Mita, ambayo sijaisikia ikipanda hivyo tangu binti yetu azaliwe: "Limeamka! Sita! Limeamka hapohapo! Sasa usiguse."

"Siligusi."

"Hakika?"

"Mikono yangu yote miwili iko kwenye cherehani, kisimu nimekibana kwa bega."

Tulifanya hivyo mara tatu. Aliponiambia bonyeza, lilirukia sita. Aliponiambia acha, lililala. Mara ya tatu mlinzi naye aliomba aseme yeye "bonyeza", nikambonyezea.

Kisha akampigia Sista Mkuu. Alimwomba jambo moja: kuanzia saa ile mpaka Jumatatu asubuhi, yeye na dereva wasilitazame gari kwenye simu hata mara moja. Sista akauliza sababu. Mita akasema ataieleza Jumatatu, akiieleza sasa ataonekana anajitetea. Sista alikubali shingo upande.

"Sawa, fundi. Ila lisipowaka hatutazungumza tena habari hii."

Alipoondoka uani betri ilikuwa nusu, kwa sababu ya kazi yangu ya asubuhi, na hakuichaji. Nilimuuliza amepatwa na wazimu gani. Akanijibu kwamba likiwaka baada ya kuchajiwa, watasema ni chaji, na wiki ijayo tutarudi palepale.

Jumapili ilikuwa ndefu. Hakuna kazi ngumu kuliko kutotazama kitu kilicho mezani. Saa tatu nilimkuta Mita ameishika simu anasema anataka kujua saa, na saa ya ukutani iko juu ya kichwa chake. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeishika mimi. Basi nikachukua kipande cha turubai kilichobaki kwenye mifuko yake, nikaitia simu ndani, nikaishona pande zote nne. Mshono wa mashine, mara mbili. Ikawa inalia ndani ya mfuko wake na hakuna wa kuipokea, mpaka binti yetu akanipigia mimi huku anahema.

"Mama, baba ana nini? Hapokei simu."

"Baba yako mzima. Simu ndiyo nimeishona."

"Umeishonaje?"

"Kwa cherehani."

Akauliza kama mimi pia ni mzima.

Jumatatu nilijitia nina aproni za wauguzi za kupeleka, ingawa zilitakiwa Jumatano. Saa moja asubuhi tulikuwa uani: Sista Mkuu, dereva, muuguzi na mkoba wake wa bandeji, mlinzi, Mita na mimi na mzigo wangu wa aproni. Sista hakumwachia dereva. Alichukua ufunguo kwenye kopo la biskuti akaingia mwenyewe, akakanyaga breki. Mita alisimama ameligeuzia gari sikio zima. Mimi nilifumba macho.

Liliwaka. Halikukohoa, halikusita, liliwaka kwa mguso mmoja na taa za mbele zikamulika geti. Nilipofumbua macho Mita alikuwa ameshika mfuko wa shati lake kwa mkono wote, anatabasamu na ardhi. Muuguzi alikuwa ameshaanza kupakia mkoba wake, yeye ana wagonjwa.

Sista akashuka. "Lilikuwa na ubovu gani?"

Nilijua angeweza kusema ni kisanduku. Neno moja, na hakuna ambaye angejua. Mita akakohoa.

"Ni mimi, Sista. Nilikuwa nalichungulia mno kwenye simu. Kila likichunguliwa linaamka. Mimi niliyewekwa kuitunza betri ndiye niliyekuwa naila."

Amekosa nini mtu huyu jamani? Nilitupa mzigo wa aproni juu ya boneti.

"Asikudanganye, Sista. Vidole ni vyangu. Yeye alikuwa mbali na simu. Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza."

"Mara ngapi?" akauliza Sista.

"Jumamosi, mara saba kabla ya chakula. Wiki zilizopita sikuhesabu."

Dereva akajikuna shingo. Akasema, akilitazama gurudumu, kwamba, ukiacha Jumamosi fundi alipokuwa nalo, naye kwa kuogopa lisimwaibishe Jumatatu alikuwa analiangalia kila akikumbuka, na alikuwa anakumbuka sana. Sista Mkuu akatoa simu yake, akaigeuza geuza.

"Mimi nami, mpaka Ijumaa, nililitazama hata nikikata vitunguu," akasema. "Nililitazama bafuni."

Mlinzi ndiye aliyeanza kucheka. Sista alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea mlango wa gari.

"Miaka ishirini na sita," akasema akipangusa macho, "nawafundisha wauguzi wangu wasimwamshe mgonjwa kumuuliza kama amelala."

Habari ya gereji kubwa haikutajwa tena. Alimwambia Mita aandike utaratibu. Mita akauandika kwa mkono wake kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kopo la biskuti: litazamwe mara moja Ijumaa jioni na mara moja Jumatatu asubuhi, ufunguo ukae ndani ya kopo, na katikati liachwe. Tulipokuwa tunaondoka Sista akamwita.

"Fundi. Mwezi wa nane bado uko palepale?"

"Uko palepale, Sista. Nitakuja kuaga mwenyewe."

"Utakuja," akasema.

Kitambaa cha shati la siku hiyo nilikinunua jioni ileile, na kufikia Ijumaa shati lilikuwa limebaki vifungo. Mfuko ndio nilioanza nao, wa turubai.

Jumamosi iliyofuata Mita alikula, akanawa, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilishona mstari mmoja. Nikashona wa pili. Moyo ukaniambia kamtazame. Nikainuka, nikafika mlangoni, nikashika kitasa, na mkono ukakaa pale. Nilimwona kwa mawazo amelala ubavu wa kulia, sikio limezama kwenye mto. Miaka miwili, kila anapolala mchana, nimemwamsha nipate kujua kama analala vizuri, halafu nikashangaa mbona hanenepi. Niliogopa, sifichi. Nikakiachia kitasa, nikarudi kwenye cherehani, nikashona mistari sijui mingapi, mingine nilikuja kuifumua.

Alitoka saa kumi na nusu, nywele zimelala upande mmoja, alama ya mto shavuni. Akasimama akaangalia sebuleni kama mgeni.

"Ulitoka?" akauliza.

"Nilikuwa hapahapa."

"Hukuja kuniamsha."

"Sikuja."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akajinyoosha mpaka kiti kikalia. Kisha akaniambia nimpe lile shati jipya alijaribu, maana anahisi litambana.